Nilivyotengeneza nigrosini ya kupimia kuvu kwenye maji ya uti wa mgongo

Chupa ya wino wa India tuliyokuwa tukiitumia katika maabara ya hospitali yetu ya wilaya iliota kuvu. Niligundua hilo asubuhi moja nilipoweka tone la wino peke yake kwenye slaidi, bila sampuli ya mgonjwa yeyote, nikaona chembe za mviringo zinazochipua zikielea katikati ya weusi. Nilishtuka sana, kwa kuwa wino huo ndio tuliokuwa tukiutegemea kutafuta kriptokokasi, kuvu inayosababisha homa ya uti wa mgongo hasa kwa watu wenye VVU ambao kinga yao imeshuka mno, na jibu lisilo la kweli lingeweza kumwingiza mtu kwenye dawa nzito kama amfoterisini B, ambayo huweza kuumiza figo. Siku hiyo hiyo niliiondoa chupa ile, nikaamua kutengeneza rangi yetu wenyewe kwa nigrosini.

Nigrosini ni mchanganyiko wa rangi nyeusi za viwandani unaopatikana kwa kupasha moto pamoja nitrobenzini, anilini na asidi ya hidrokloriki penye chuma au shaba. Hutiwa kwenye wino wa kalamu, vanishi na hata rangi ya viatu. Niliichagua kwa sababu wino wa India ni punje za masizi zilizosambaa majini, ilhali nigrosini iliyoandaliwa vizuri hutoa weusi laini, ulio sawa pande zote. Haiipaki rangi kuvu yenyewe; hutia giza mahali palipoizunguka, nayo kuvu na utando wake mnene wa nje hubaki vyeupe.

Mkebe wa kwanza tulioletewa ulinipotezea siku mbili. Nilipima gramu 10, nikamimina kwenye mililita 100 za maji yaliyokenekwa, nikakoroga, nikapasha moto, na bado unga ulielea juu kama masizi ya sufuria huku maji ya chini yakibaki karibu meupe. Nilidhani maji yetu ndiyo mabaya, nikarudia kwa maji mengine, mambo yakawa yale yale. Ndipo nilipousoma upya mkebe na kuona namba 50415, yaani namba ya rangi hiyo katika orodha ya kimataifa ya rangi (Colour Index). Hiyo ni nigrosini inayoyeyuka katika spiriti, ya mafundi wa vanishi na wino. Ya maabara ni namba 50420, ambayo hupitishwa kwenye asidi ya salfuriki wakati wa kutengenezwa ili iweze kuyeyuka katika maji. Kwa jina zote ni nigrosini na kwa macho zote ni unga mweusi, kwa hiyo anayeagiza na aitaje namba, asiishie kwenye jina.

Mkebe sahihi ulipofika, kazi ilikwenda vizuri. Kipimo kilikuwa kile kile, gramu 10 kwa mililita 100. Niliiacha chupa kwenye sufuria ya maji yanayochemka kwa dakika 30, nikaongeza nusu mililita ya fomalini ili kuvu isiote tena humo, kisha nikachuja mara mbili kwa karatasi za kuchujia zilizowekwa mbili mbili. Uchujaji ni wa polepole mno na hauharakishwi. Nilichopata nilikigawa kwenye vichupa vidogo, kila kimoja na tarehe yake, ili tukifungua kimoja vingine vibaki salama.

Lililonisumbua zaidi ni unene wa tone. Mwanzoni nilikuwa nikiweka rangi nyingi, na slaidi nzima ikawa giza tupu. Sasa naizungusha sampuli ya maji ya uti wa mgongo kwenye mashine ili chembe zitulie chini, nachukua tone la mashapo ya chini, nachanganya na tone dogo la nigrosini, nafunika kwa kioo chembamba, kisha naiweka slaidi juu ya karatasi yenye maandishi. Maandishi yakisomeka kupitia rangi, slaidi inafaa. Yasiposomeka, naandaa nyingine yenye rangi kidogo zaidi.

Kwenye hadubini naanza na lenzi inayokuza mara 10, kisha ya mara 40. Chembe nyeupe za damu huweza kudanganya, kwa kuwa nazo huzungukwa na mwanga, ila mwanga wao ni hafifu na kingo zake hazieleweki. Kriptokokasi ina ukuta unaoonekana wazi, duara jeupe lenye mpaka mkali, na mara nyingi kichipukizi kilichoshikwa na shingo nyembamba. Nisipoiona, siandiki kwamba mgonjwa hana, kwani kipimo cha antijeni, kinachotafuta vipande vya kuvu hiyo, hunasa wagonjwa wengi ambao hadubini huwakosa.

Wiki ya tatu niliiona: duara pana, jeupe kabisa, na mtoto wake ubavuni. Kabla ya kumpigia daktari wa zamu, niliweka tone la nigrosini peke yake kwenye slaidi safi, nikaipitia yote pole pole. Ilikuwa nyeusi, haina kitu. Ndipo nikaandika jibu na kutia sahihi.