Nilivyolitafsiri neno "operose"

Anayetafsiri vitabu vya zamani vya Kiingereza hasumbuliwi sana na maneno marefu. Marefu yana viungo. Ukiyakata vipande yanajieleza. Wasumbufu ni wale wafupi ambao Waingereza wenyewe wameacha kuwatumia. Mmoja wao ni operose, niliyemkuta kwenye maelezo ya ufungaji wa vitabu kwa mkono: mwandishi aliiita kazi hiyo operose, akaendelea na safari yake.

Kamusi ilinipa laborious, na hapo mkono ulikuwa tayari kuandika "ngumu". Lakini sentensi zilizofuata zilikataa. Kushona karatasi fungu kwa fungu, kupaka gundi, kubana, kungoja ikauke, kuvisha ngozi: hakuna hatua hata moja inayomshinda fundi. Kinachochosha ni kwamba hazishi.

Nikarudi kwenye Kilatini. Neno limetoka kwa operosus, nalo kwa opera, yaani kazi au juhudi. Opera ile ya waimbaji ni ndugu yake, iliyopitia Kiitaliano. Kilichonifungua macho zaidi ni ule mwisho wa -ose, ambao pia umo kwenye verbose, mtu wa maneno tele. Basi operose ni kitu kilichojaa kazi. Hakisemi lolote kuhusu ugumu.

Nilipompanga na majirani zake, tofauti ikakaa wazi. Arduous asili yake ni mwinuko mkali, kwa hiyo inafaa kwa linalohitaji nguvu na pumzi. Onerous ni mzigo, hasa wajibu uliotwishwa, kama masharti ya mkopo. Operose ni utitiri wa hatua ndogondogo. Mshairi wa Kirumi Horace alijilinganisha na nyuki anayehangaika kukusanya kwenye maua, akasema yeye, mdogo hivyo, hutunga mashairi operosa. Nyuki habebi jiwe. Anarudia tu, ua kwa ua.

Kwa Kiswahili nilijaribu "ya sulubu", nikaiondoa haraka, maana inanuka jela. "Ya kuchosha" inaeleza mtendaji na kuiacha kazi yenyewe. Jibu lilikuwa jikoni siku zote. Mtu akiulizwa kwa nini hapiki sambusa kila siku, atakwambia: "Sambusa zina kazi." Kukanda, kusukuma, kuchoma manda, kuzibandua, kukata, kujaza, kukunja, kuziba. Hasemi ni ngumu, na wala si ngumu. Nikaandika: "Kufunga kitabu kwa mkono kuna kazi." Baadaye nikaongeza "nyingi", kwa sababu kwenye maandishi haisikiki ile sauti ya kuvuta tunayoitia tukisema "kuna kaaazi".

Kwa wanaotaka kulitumia wenyewe katika Kiingereza: mkazo uko mwanzoni, OP. Ni neno la maandishi, tena rasmi au ya mzaha kidogo. Utaratibu wa kupata kibali unaopita madirisha chungu nzima unaweza kuitwa operose. Gunia la mahindi mgongoni, hapana. Kwenye barua ya kuomba kazi ningeliepuka kabisa, litaonekana limevaa suti ya kuazima. Zamani lilimhusu mtu pia, yaani mchapakazi, na maana hiyo bado imo kwenye kamusi kubwa. Ukikuta an operose clerk, huyo ni karani asiyeinua kichwa mezani.