Chupa Iliyotoka Kitengela

Ilikuwa Julai, ile baridi ya Nairobi inayopenya hadi mifupani, mzee wa miaka 52 alipoweka chupa mezani kwangu maabarani saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Alikuwa ametoa shahawa nyumbani Kitengela saa kumi na mbili na nusu, akaitia chupa kwenye mfuko wa karatasi, kisha akakwama kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa. Nilipoishika, ilikuwa baridi kabisa.

"Kijana wangu, fanya haraka niende kazini. Mimi nina watoto wawili wakubwa. Shida haiko kwangu."

Mkewe wa pili, miaka 34, alikuwa ameketi kando akiwa na faili mapajani. Alikuwa amepimwa homoni, amepigwa picha ya mirija ya uzazi mara mbili, na mimba mbili zilikuwa zimeharibika kabla ya miezi mitatu. Miaka mitatu ya karatasi za kutafuta mtoto, na hakuna hata moja iliyokuwa na jina la mume. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma kila ninapoona faili kama ile.

Nilitia tone kwenye kioo, nikainamia darubini. Karibu zote zilikuwa zimelala tuli. Nilikuwa mwaka wa kwanza kazini, na kalamu ilikuwa tayari kuandika kwamba mbegu hazitembei. Mkuu wa maabara akanishika mkono. "Hiyo ni baridi umepima, si mtu. Weka eosini."

Mbegu iliyokufa hunywa rangi ile ikawa ya waridi. Iliyo hai hubaki nyeupe. Zaidi ya nusu zilikuwa nyeupe. Zilikuwa hai, ila baridi na kuchelewa vilikuwa vimezizima mwendo. Majibu hayakuandikwa. Tukampangia siku nyingine, atoe hapo hapo, baada ya siku tatu bila tendo la ndoa. Kiwango ni siku mbili hadi saba; ukikaa wiki tatu ukidhani unaweka akiba, idadi hupanda lakini nyingi huwa ni kuukuu na zimechoka. Tukamwambia asitumie mate, sabuni, mafuta wala kondomu ya kawaida, na tone la kwanza lisimwagike kwa vyovyote, maana mbegu nyingi hutoka na lile la kwanza. Anayelazimika kutoa nyumbani aifikishe chupa ndani ya nusu saa, isizidi saa moja, ikiwa imekaa ndani ya shati, karibu na mwili.

Aliporudi, tulipima chupa kwenye mizani kabla na baada, kwa kuwa gramu moja ni kama mililita moja. Shahawa ilitoka mililita 0.6. Kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani, toleo la 2021, ni 1.4. Tukasubiri nusu saa shahawa iyeyuke kwenye joto la nyuzi 37, kisha tukahesabu mbegu. Milioni 24 kwa mililita. Kiwango cha chini ni milioni 16, na hapo ndipo wengi hudanganyika wakafunga faili. Umri haupunguzi sana idadi kwa kila mililita. Unachopunguza ni maji yenyewe, mwendo na umbo. Jumla ya mbegu zote ilikuwa milioni 14 tu, badala ya 39. Zilizokwenda mbele asilimia 22, badala ya 30.

Lakini 0.6 ilikuwa kidogo mno kulaumu umri peke yake. Mkuu wa maabara akamwuliza kwa upole, "Mzee, kuna dawa unayotumia?" Akasita. Dawa ya tezi dume, mwaka mzima, ili asiamke usiku kukojoa. Tamsulosini. Hulegeza misuli ya shingo ya kibofu, na shahawa hupungua au hurudi nyuma kibofuni. Kisukari nacho huweza kuleta hali hiyo. Tukaomba mkojo wake papo hapo, tukauzungusha kwenye mashine, tukaangalia mashapo. Mbegu zilikuwamo, zimekufa, kwani asidi iliyo kwenye mkojo huziua upesi.

Akataka kuiacha dawa siku hiyo hiyo. Tukamkataza, arudi kwa daktari aliyemwandikia, kwa sababu mkojo ukiziba ni balaa jingine. Na asikubali sindano ya homoni ya kiume ya "kurudisha nguvu". Ile huweza kuzima kabisa kiwanda cha mbegu.

Hakuamini kuhusu umri. "Wale wawili niliwapataje?" Mkuu akamweleza kwamba seli mama za mbegu hujinakili takriban mara 23 kwa mwaka, na kufikia miaka 50 zimejinakili zaidi ya mara 800. Makosa ya kunakili hujilimbikiza. Utafiti wa Iceland wa 2012 ulionyesha kama mabadiliko mapya mawili ya vinasaba kwa mtoto kwa kila mwaka wa umri wa baba. Mimba kuharibika pia huongezeka baba akishapita miaka 40, ingawa hatukuweza kusema zile mbili ziliharibika kwa sababu hiyo.

Mama akauliza kama arudie picha ya mirija. Tukamwambia, kwa upande wetu, bado. Mbegu huchukua karibu miezi mitatu tangu kuanza kutengenezwa hadi kutoka. Mzee aonane na daktari kwanza, kisha arudi Oktoba.

Mzee akaikunja karatasi ya majibu, akaitia mfuko wa ndani wa koti, pale ambapo ile chupa ya kwanza ilipaswa kukaa.