Mpini umebaki mkononi

Jamani leo nimeshtuka. Nilikuwa napasua gogo dogo la kuwashia moto, nagonga mgongo wa kisu kwa kipande cha mti kama ninavyofanya siku zote, mara paap! Mpini umebaki mkononi, bapa limenasa kwenye gogo.

Nikauchungulia ule mpini kwa ndani.

Kile kimkia cha chuma kilichoingia humo hakizidi pingili moja ya kidole. Pingili moja tu! Na kisu hiki ndo nimekitegemea porini miaka yote, usiku, mvua inanyesha, niko peke yangu... mwili umenisisimka kwa kweli.

Basi jioni hii nimemwaga visu vyangu vyote mezani nachambua upya. Cha jikoni chenye bapa pana kinabaki, cha kukunja chenye loki kinabaki mfukoni kwa ajili ya kamba na maboksi. Ila cha porini natafuta kipya, bapa la sentimita 10 hivi, chuma kimoja kutoka nchani mpaka mwisho wa mpini, hapo sifanyi mchezo tena.

Kinachonipa mawazo ni chuma chenyewe, maana cha kaboni kinanoleka fasta lakini ukikirudisha kwenye ala na unyevu kinashika kutu, chuma cha pua kinavumilia maji ila mara nyingi kukinoa ukiwa huko ni kazi.

Nyie wenzangu mnabeba kipi? Na mshawahi kuangalia mpini wenu una nini ndani?