Fundo la kanga saa tisa usiku

Saa tisa kasoro usiku, niko sakafuni koridoni mana hapo ndo kuna vigae vya baridi na kale kaupepo kanakopita chini ya mlango. Kidole changu cha shahada kiko mdomoni kwa binti yangu wa miezi sita na nusu na anakitafuna kwa fizi tupu utadhani ananidai. Mate yametiririka mpaka kwenye kiwiko. Nikitoa kidole analia, nikirudisha ananyamaza, baba yake anakoroma. Huo ni usiku wa nne.

Huyu mtoto hapa ntamwita Bi Mdogo, ndo tunavyomwita nyumbani, ingawa mama mkwe hajawahi kulipenda hilo jina, siku ya kwanza kulisikia aliniuliza, "Mwanangu, bi mdogo unajiletea mwenyewe ndani?"

Ilianza na udenda. Miezi mitano na kitu hivi nguo ya kifuani ikawa inalowa kila nusu saa, kidevu kikaota vipele vyekundu, kila kitu mdomoni, rimoti, ukosi wa gauni langu, kidole gumba cha mguu wake mwenyewe. Kunyonya anaanza vizuri afu anaachia analia. Afu siku moja akaning'ata chuchu. Sitaelezea, aliyepitia anajua. Nesi wa kliniki akanifundisha kwamba nisimvute, niingize kidole kidogo pembeni ya mdomo wake ataachia mwenyewe, na nikiona ameshashiba anachezea tu nimtoe mapema kabla hajapata wazo. Imesaidia sana hiyo.

Baadae nikanawa mikono nikapitisha kidole kwenye ufizi wa chini, mbele kabisa. Umevimba, mwekundu, unang'aa, na chini ya ngozi kuna kitu kigumu kama punje ya mchele. Haya, meno hayo.

Sasa mtoto akianza kuota meno ndo unajua una ndugu wangapi. Mama mkwe kapiga kutoka Muheza, nasema shikamoo mama, yeye anauliza, "Ya chini au ya juu?" Mana kwa wazee mtoto akitanguliza ya juu ni kigego, na kigego zamani ilikuwa habari nzito, mkosi wa ukoo mzima. Nikamwambia ya chini mama. "Alhamdulillah. Marahaba mwanangu." (Wengi wanaanza na mawili ya chini katikati, lakini akianza ya juu hana tatizo lolote, meno yamejipanga yanavyotaka tu. Ila sikutaka kufungua huo mjadala kwa simu.)

Kisha ushauri ukaanza kumiminika. Jirani, msugue asali. Mama mkwe, chumvi kidogo na maji ya uvuguvugu. Wifi aliyeolewa Unguja kaja na kichupa cha mafuta ya karafuu, nyumba nzima ikanukia kama pilau, tone moja tu kwenye pamba wifi yangu. Shoga yangu wa kazini kanitumia picha ya vishanga vya kaharabu vya kumvalisha mtoto shingoni, eti vinatoa kitu kinachotuliza maumivu kupitia ngozi. Na muuza dawa mtaani kanipa jeli ya kupaka, dakika tano tu dada, ufizi unakufa ganzi mtoto analala.

Nilikubali moja tu kati ya hizo, na nayo ilikuwa ya chai ambayo wifi alinipikia mimi.

Asali, mtoto hajafika mwaka mmoja, hapana, hata ya kulambisha. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo kwenye utumbo wa kichanga vinakua na kutoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Mafuta ya karafuu kwa mtu mzima mwenye jino bovu sawa, ganzi yake naijua, lakini kwa kichanga akimeza hata kidogo yanaweza kumletea degedege na kuumiza ini, na tone la wifi huwa haliishii kuwa moja. Shanga shingoni kwa mtoto anayelala sihitaji hata kueleza, kamba ni kamba, zinanyonga na zikikatika anazimeza.

Jeli ndo ilinisumbua mana nilikuwa nimechoka kweli, nilishaishika mkononi, nilishafungua pochi. Nikasoma nyuma ya boksi, benzokaini. Nikakumbuka niliwahi kusoma kwamba mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilisema dawa za fizi zenye benzokaini zisitumike kwa watoto chini ya miaka miwili, mana zinaweza kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, mtoto anageuka rangi ya kijivu. Na kwa mdomo unaotoa mate kama bomba lililopasuka, hiyo jeli inakaa ufizini dakika ngapi? Inamezwa tu. Nikairudisha. Huwa nakumbuka pia yale ya Nigeria 2008, dawa ya maji ya watoto wanaoota meno ilitengenezwa na malighafi iliyochanganyika na kemikali ya sumu, watoto zaidi ya 80 wakafa kwa figo kufeli. Kwa kitu ambacho kingepoa chenyewe. Tangu hapo chochote kilichoandikwa "ya meno" nakiangalia mara mbili.

Basi kilichonisaidia ni nini. Kanga. Kanga kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka imekuwa laini na haitoi rangi tena, unaiosha safi, unafunga fundo kwenye pembe moja, unaloweka hilo fundo kwenye maji safi ya baridi, unakamua kidogo, unampa. Fundo liwe kubwa lisimezeke na pembe nyingine uishike wewe. Bi Mdogo alilishika kwa mikono miwili akalitafuna huku amekunja uso kama mzee anayesoma barua ya madai, afu bega likashuka. Dakika kumi za ukimya jamani. Nilisikia saa ya ukutani.

Mwanzoni nilikuwa naweka kwenye friji, sio friza, kitu kilichoganda kinaunguza fizi na kinanata kwenye mdomo. Afu ule usiku wa nne umeme ukaisha, kosa langu, sikununua, na simu nayo haina chaji, ndo maana nilikuwa koridoni. Nikakumbuka mtungi. Tuna mtungi wa udongo alioleta mama mkwe tulipohamia, mi nilikuwa nauona kama pambo, maji yake yana ule ubaridi wa kiasi usioshtua. Nikachota ya kunywa yaliyochemshwa, nikaloweka fundo, na kijiko cha chai nikakiacha humo humo kwenye kikombe. Mgongo wa kijiko ukiupitisha taratibu kwenye ufizi anafumba macho kabisa. Toka siku hiyo hata umeme ukiwepo natumia mtungi, na mama mkwe nimemwambia, akacheka mpaka akakohoa.

Kingine ni kidole tu. Unanawa kwa sabuni, kucha fupi, unasugua ufizi kwa duara ndogo ndogo na kuukandamiza kidogo pale penye uvimbe. Anataka mgandamizo kuliko unavyodhani, jino linasukuma kutoka chini na yeye anataka kitu kisukume kutoka juu. Kidevu unakifuta kwa kugusa bila kusugua, unapaka mafuta ya mgando kabla hajalala ili mate yasimchubue. Siku mbili ambazo aligoma kabisa kunyonya nilimpa parasetamo ya maji, kwa uzito wake kama alivyoandika daktari na kwa bomba la dawa, sio kijiko cha jikoni mana vijiko vya jikoni kila kimoja na ujazo wake. Lakini sio kila usiku, na wala usichanganye na sirapu nyingine ya mafua ambayo nayo ina parasetamo ndani.

Karoti ndo nilikosea. Nilimpa karoti ya baridi, ndefu, nene, nikasema hana jino atamega nini. Akamega. Sijui kwa kutumia nini ila akamega, nikasikia ile sauti ikakatika, mtoto kafungua mdomo na hakuna kinachotoka. Nikamlaza kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, nikampiga katikati ya mgongo kwa kiganja, la tatu kipande kikaruka kikaenda chini ya kochi. Nilikaa chini miguu haina nguvu. Kwa hiyo karoti, muwa, mfupa wa kuku, vyote ambavyo shangazi zetu wanatupa kwa nia njema, kwangu mwisho.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndo limenifanya niandike.

Katikati ya haya yote akapata homa. Sio kujotojoto, homa, nikaweka kipimajoto kwapani 39.1. Na kila mtu, kila mtu, mpaka baba yake, akasema ni meno hayo. Na mi nilitaka kuamini mana nilikuwa na ushahidi, ufizi umevimba, mate, kulia usiku. Asubuhi akaharisha mara tatu. Bibi mmoja jirani, mtu mwema sana, huwa ananiletea mchicha, akaja akamfunua mdomo, akaonyesha pale kwenye kona za ufizi ambapo pamevimba peupe kidogo, akasema haya sio meno ya kawaida mwanangu, ni meno ya plastiki, hospitali hawayajui, kuna mama anayatoa.

Mlioko Tanzania mnaijua hii habari. Huyo mama anachofanya anachimba ufizi wa kichanga kwa kitu chenye ncha, bila ganzi, anatoa kitu cheupe laini, anakuonyesha, unaona kweli kama plastiki. Kile ni chonge. Jino la mtoto wako la kweli ambalo halijakomaa, lipo humo ndani tangu tumboni na kawaida lingetoka akiwa na mwaka na miezi kadhaa, ndo maana ukiangalia mtoto wa miezi mitano unaona uvimbe hapo na unaona weupe. Kila mtoto anao. Wanaotolewa wengine wanavuja damu mpaka wanaishiwa, wanapata maambukizi, pepopunda, na wanaokua wanakua na pengo au jino la ukubwani lililopinda mana kichipukizi chake kiko hapo hapo. Na muda wote huo ugonjwa uliomletea homa unaendelea na kazi yake.

Nikamwambia bibi asante, ngoja nimuulize baba yake kwanza (hii kauli imeniokoa mengi), nikaita bajaji nikaenda zahanati. Wakamtoboa kidole, robo saa hivi, malaria. Tulikuwa tumetoka Muheza siku kumi na mbili nyuma, na usiku mmoja tulilala sebuleni bila neti sababu wageni walikuwa wengi. Hata sikuunganisha. Nilikuwa nimeshika fundo la kanga nasubiri jino.

Akapewa dawa mseto ya malaria, kidonge kimoja mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, dozi ya pili masaa nane baada ya ya kwanza, nasaga na maziwa yangu kwenye kijiko, akitapika ndani ya nusu saa narudia. Na ORS na zinki kwa ajili ya kuharisha. Daktari, kijana mdogo tu, hakunigombeza, aliniambia mama, jino linaweza kumpa mtoto ujoto kidogo na kero nyingi, lakini likifika 38 na kwenda juu tafuta sababu nyingine, na kuharisha hivyo hivyo. Akaniambia miezi sita ndo kinga aliyotoka nayo kwa mama inapungua, ndo anaanza uji, ndo anatambaa na kulamba sakafu, na meno nayo yanachagua miezi hiyo hiyo kutoka, kwa hiyo meno yanasingiziwa kila kitu. Nimefikiria hilo neno, kusingiziwa, karibu kila siku.

Ile siku ya tatu ya dawa jioni homa hakuna, nampa maji kwa kijiko, nikasikia ting. Nikarudia. Ting. Kidogo sana, kama ukucha kwenye glasi. Nikamwita baba yake aje asikie, akasema hasikii kitu, nikamwambia weka kidole, akaweka, akakitoa haraka.

La pili likafuata baada ya wiki. Nimeanza kumswaki, mswaki mdogo wa watoto na dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele, asubuhi na kabla ya kulala. Sasa hivi ana miezi minane na ya juu yanakuja, juzi saa nane usiku tulikuwa koridoni tena, nikagundua kumbe mswaki wenyewe ndo anaupenda kuutafuna kuliko vyote. Nauweka kwenye kikombe cha maji ya mtungi. Kile kidude cha kung'ata cha mpira nilichonunua elfu kumi na tano kiko chini ya kochi, karibu na ile karoti nadhani, sijakiokota.