Herufi 500 za kuielezea chakacha yangu

Wimbo wangu wa kwanza niliuachia mara tu ulipokamilika. Prodyuza alinitumia faili saa nne usiku, nikaipakia kwa msambazaji, yaani kampuni inayopeleka nyimbo kwenye majukwaa ya kusikilizia kama Spotify, usiku huohuo na kuomba itoke mapema iwezekanavyo. Ulipotoka nikaingia Spotify for Artists, sehemu ya Spotify ya wasanii, kutafuta fomu ya kuwaomba wahariri, wale wafanyakazi wa Spotify wanaochagua nyimbo za pleilisti zake, wausikilize. Sikuiona. Kumbe fomu ile ni ya wimbo ambao bado haujatoka. Ukishatoka, hata kwa saa moja tu, huwezi tena kuutuma. Wimbo wa pili nikarudia kosa hilohilo, maana nilitaka uwahi Idi.

Wa tatu ndio ulioniuma zaidi. Mtu alinifuata WhatsApp akisema ana pleilisti zenye wafuasi maelfu, nimpe shilingi 80,000 tu. Nikatoa. Namba zikapanda kwa wiki moja, karibu zote kutoka mji mmoja wa mbali ambako simjui mtu, na hakuna hata mmoja aliyeuhifadhi wimbo. Baadaye msambazaji akaniandikia kwamba usikilizwaji ule ni bandia, wimbo ukaondolewa. Tangu 2024 Spotify inawatoza wasambazaji kwa nyimbo zinazokutwa na usikilizwaji wa bandia uliokithiri, kwa hiyo hawana subira na jambo hilo. Nakusihi, msanii mwenzangu: nafasi kwenye pleilisti za wahariri haiuzwi. Anayekuuzia anakuuzia hasara.

Wimbo wa nne ni chakacha ya polepole. Mjomba wangu anapiga udi, mimi naimba, na ngoma tulizirekodi sebuleni kwake, hapa Tanga. Safari hii kabla ya kufanya lolote nilichagua tarehe: Ijumaa, wiki tano mbele. Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ambayo nyimbo mpya hutoka duniani kote tangu 2015, na ndiyo siku ambayo Release Radar, ile pleilisti ambayo kila msikilizaji hupewa ya kwake, hubadilishwa. Ukituma ombi lako angalau siku 7 kabla ya wimbo kutoka, unaingia kwenye Release Radar za wafuasi wako hata kama wahariri hawakuuchagua. Hilo peke yake linatosha kukufanya uchelewe kuachia.

Lakini siku 7 ni kima cha chini, na hata mimi niliyejipa wiki tano nilipoteza siku nyingi. Msambazaji alinirudishia kazi kwa sababu jina lililoandikwa kwenye kava halikulingana na jina la msanii nililojaza. Nilikuwa nimeongeza jina la mjomba kwenye picha tu. Kurekebisha, kupakia upya na kusubiri ikaguliwe tena kulichukua siku tisa. Ningekuwa nimejipa wiki mbili, ningelia.

Fomu yenyewe ni fupi. Inauliza aina ya muziki, hisia ya wimbo, ala, lugha na mahali unapotoka, kisha inakupa herufi 500 za kujieleza. Unaruhusiwa kutuma wimbo mmoja tu kwa wakati mmoja. Kama una albamu, chagua mmoja. Pia lazima uwe msanii mkuu wa wimbo huo. Ukiwa umeshirikishwa tu, mwenye wimbo ndiye anayetuma.

Kwenye aina ya muziki, rafiki zangu wawili walinisihi niweke amapiano, kwa hoja kwamba huko ndiko kuna pleilisti kubwa. Nilikataa na bado naamini nilifanya sawa. Mhariri wa amapiano akifungua akakuta udi na ngoma ya harusini atauruka, na yule ambaye angeupenda hatauona kabisa.

Zile herufi 500 zilinichukua siku tatu. Rasimu ya kwanza ilijaa “wimbo mkali”, “sauti ya kipekee”, “utapendwa na wote”. Nilimsomea dada yangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, “Hapo kuna neno gani ambalo msanii mwingine hawezi kulisema?” Sikuwa na jibu. Nikafuta yote, nikaandika hivi:

“Chakacha ni ngoma ya wanawake wa pwani, huchezwa harusini. Nimeipunguza kasi ili mama wa bibi harusi aimbe usiku wa kuamkia harusi, nyumba ikiwa imetulia. Udi umepigwa na mjomba wangu, miaka 67, wa Tanga. Sauti na ngoma zimerekodiwa sebuleni kwake. Video inatoka siku moja na wimbo. Nitauimba harusini mara nne mwezi huo, na redio mbili za hapa zimeshaupokea.”

Hakuna sifa hata moja humo. Kuna asili ya mdundo, wimbo ni wa nani, nani anapiga nini, na nitafanya nini mwenyewe kuwaleta wasikilizaji. Hicho cha mwisho wengi wetu tunakisahau, kana kwamba mhariri ndiye atakayetufanyia kazi yote. Niliiandika kwa Kiswahili kwanza ili niseme ninachotaka, kisha nikaiweka kwa Kiingereza kwa kuwa sikujua nani angeisoma. Nikaituma siku 20 kabla.

Ijumaa ikafika, wahariri kimya. Release Radar iliwafikia wafuasi wangu, ambao walikuwa 212, na kwa hao nilishukuru, maana walihifadhi na kutumiana. Nilikuwa nimeshakubali yaishie hapo. Jumatatu ya wiki ya pili simu ikalia na ujumbe kwamba wimbo umewekwa kwenye pleilisti moja ya wahariri. Sikujua kwamba wanaweza kuuchukua baada ya kutoka, ilimradi ombi lilitumwa mapema. Nilikimbia kwa miguu hadi kwa mjomba.

“Shikamoo mjomba! Udi wako unasikika Muscat!”

“Marahaba mwanangu. Muscat kwa nani?”

Nikamwonyesha ramani ya wasikilizaji: Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi, Muscat. Wimbo ulikaa kwenye pleilisti ile wiki tano kisha ukatolewa. Ulishavuka mara 1,000 za kusikilizwa, kiwango ambacho tangu 2024 wimbo lazima ukifikie ndani ya miezi 12 ndipo Spotify iulipe. Fedha ni kidogo. Wafuasi sasa ni zaidi ya 900, na hao wote watapata wimbo ujao Ijumaa utakapotoka.

Wimbo huo umeshakamilika na upo kwa msambazaji. Mjomba kila nikienda ananiuliza kwa nini wimbo unakaa tu. Juzi nilimweleza habari za fomu na wiki tano, naye akanyamaza kidogo, akasema enzi za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vya hapa Tanga, wanamuziki wa hapa walikuwa wakirekodi Radio Tanzania, kisha mtaa mzima unakaa karibu na redio kusubiri siku wimbo utakapopigwa. “Basi subiri,” akaniambia, akaanza kukaza nyuzi za udi.