Kumbe dawa niliyowekewa ndani ya jino ni chokaa

Jamani naandika hii maana kila mara naulizwa, jino linauma nimemeza amoksilini dozi mbili mbona haliponi. Mimi nimepita humo humo. Gego la chini lilinitesa miezi, naenda duka la dawa napewa vidonge, uvimbe unashuka siku kadhaa halafu unarudi palepale, mpaka daktari wa meno akaniambia kiini cha jino kikishakufa damu haiingii tena mle, na dawa ya kumeza inasafiri na damu, sasa itafikaje kwa wadudu waliojificha kwenye mizizi?

Ndo akalitoboa, akasugua ndani ya mizizi na visindano vyembamba huku anasuuza na dawa ya jamii ya jiki, alivyomaliza akaingiza kwa sirinji kitu cheupe kizito. Kalsiamu haidroksaidi. Nyumbani nikatafuta, kumbe ni chokaa! Chokaa iliyozimwa kwa maji, ile ile bibi alikuwa anapaka kwenye tambuu, ila ya hospitali ni safi na imepimwa (tafadhali usijiwekee ya dukani, inaunguza vibaya). Daktari wa meno Mjerumani, Hermann, ndo aliianzisha kwenye meno mwaka 1920 na mpaka leo ipo. pH yake (kipimo cha asidi na alkali) ni kama 12.5, yaani alkali kali sana, bakteria wengi hawavumilii ukali huo, ila inafanya kazi taratibu ndo maana unazibwa kwa muda unaambiwa rudi baada ya wiki moja au mbili.

Kuna na mchanganyiko wa antibayotiki tatu unaoweza kuwekwa mle mzizini badala ya chokaa, metronidazo, siprofloksasini na minosaiklini, ila hiyo minosaiklini inaweza kuacha jino lina rangi ya kijivu.

Sasa mimi maumivu yalipoisha sikurudi. Mwezi wa pili tangu aniwekee, nakula muhogo wa kuchoma kile kizibo cha muda kikatoka, mate yakaingia, uvimbe ukarudi na kazi yote ikaanza upya, hela juu ya hela. Naumia mpaka leo nikikumbuka, maana kilichokuwa kimebaki ni siku moja tu ya kwenda kuzibwa.

Safari hii nilirudi siku ile ile niliyopangiwa. Akaitoa chokaa, akachovya mzizini kikaratasi chembamba kilichochongoka, akakitoa akanionyesha: kikavu, hakina usaha wala harufu. Akasema haya, leo tunaziba.