Magadi, mchanga na pikipiki ya kunifikisha Endau

Nilianguka saa saba mchana, ng'ambo ya Ziwa Magadi, kwenye njia ya kwenda Shompole. Pikipiki ililalia ubavu wa kushoto, mguu wangu ukaponea chupuchupu, na injini ilipozima nikasikia petroli ikidondoka mchangani. Hapakuwa na sauti nyingine. Mdogo wangu alikuwa mbele, labda kilomita mbili, na vumbi lake lilikuwa limeshatulia.

Pikipiki ya kununua naitafuta kwa ajili ya njia moja tu. Mimi nafundisha Nairobi na naishi Syokimau, lakini kwetu ni Endau, mashariki mwa Kitui. Kutoka kwangu hadi mjini Kitui ni lami, kama kilomita 150, na malori yale mnayajua. Mbele ya hapo, ukishapita Zombe, ni vumbi, mawe, na mito ya mchanga ambayo kwa miezi mingi haina tone la maji juu. Basi hunifikisha nusu, kisha boda boda ambaye nauli yake hupanda kadiri jua linavyoshuka. Susu, nyanya yangu, ana miaka zaidi ya themanini na simu haishiki vizuri kwake. Nikisikia anaumwa nataka kuondoka Ijumaa jioni bila kumbembeleza mtu.

Kila muuzaji niliyemwendea alinionyesha kasi na taa. Hakuna aliyeniuliza naenda wapi. Mmoja alinipandisha Ténéré 700, pikipiki ya Yamaha, na nikaipenda kweli: silinda mbili, gurudumu la mbele la inchi 21, la nyuma 18. Ila kiti chake kiko milimita 875 kutoka chini na mimi nina futi 5 na inchi 3. Nilifika chini kwa ncha ya kidole kimoja. Bei nayo ilinitoa dukani.

Basi nikakodisha. Sh12,000 kwa siku, na amana ya Sh50,000, kwa pikipiki kubwa ya sisi (cc) 1,200 ambayo tangi likijaa inakaribia kilo 250. Mdogo wangu alikuja na Royal Enfield Himalayan yake ya zamani, ile ya sisi 411, kilo 199, nguvu za farasi 24 na kidogo, gia tano. Nia yetu ilikuwa kubadilishana njiani. Magadi tuliichagua kwa sababu ina lami na mchanga ndani ya siku moja, na kutoka Nairobi ni kama kilomita 110.

Rongai na Kiserian siyasimulii. Pale Corner Baridi, upepo ukipiga na bonde limefunguka lote mbele yako, ile kubwa ilinifanya nijione nimezaliwa juu yake. Haitikisiki. Lori likikupita, upepo wake huusikii. Unashuka zaidi ya mita 1,000 na joto linapanda kona kwa kona, na mimi nilikuwa natabasamu ndani ya helmeti, nikipiga hesabu ya mkopo wa chama. Olorgesailie tulipita bila kusimama. Magadi mjini nikanunua chupa ya maji kwa bei ya mbili za Rongai, na kwenye kizuizi kimoja tukatozwa pesa ambazo hakuna aliyetueleza ni za nini wala kutupa risiti. Nililipa huku nimekasirika, na hasira haifai mtu anayeingia mchangani.

Mdogo wangu alisema tupunguze upepo kwenye matairi. Yangu yalikuwa na psi 36. Alitaka yashuke hadi 22 hivi, tairi lipanuke likanyage kama wayo wa ngamia. Nikaona ni kupoteza muda. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. La pili, nilipoona mchanga nilikaa badala ya kusimama, na nikapunguza mafuta. Mchangani ukipunguza mafuta, uzito wote unakimbilia mbele, gurudumu la mbele linazama na kugeuka litakako. Langu lilikuwa la inchi 19, pana na zito. Lilichimba, likakata kushoto, nikawa chini.

Nilijaribu kuiinua mara nne. Nilishika usukani nikavuta. Nikashika kiti nikavuta. Mchanga uliniteleza chini ya buti, na chuma kilikuwa cha moto kiasi kwamba glavu hazikusaidia. Mara ya nne iliinuka hadi usawa wa goti langu, ikanirudisha chini. Nikakaa kwenye kivuli chake, kivuli cha futi moja, nikamwaza Susu. Nikajiona nimeanguka kwenye Mto Thua, usiku, kilomita nane kabla ya kumfikia, nimekaa hivyo hivyo.

Wakaja vijana watatu wa Kimaasai na mbuzi wao. "Mama, umeumia?" Nikasema la. Wakaizunguka pikipiki, hawakuigusa kwanza. Niliposhika tena usukani, mkubwa wao akaniambia niache. "Hiyo ni pembe," akasema. "Ng'ombe aliyelala hainuliwi kwa pembe."

Nilimwelewa hapo hapo, kwa kuwa nimeyaona nyumbani. Wakati wa kiangazi kikali ng'ombe hulala usiku na asubuhi hana nguvu za kusimama. Majirani huitana. Mmoja hushika mkia pale shinani, wawili hupitisha mikono au mti chini ya tumbo, mmoja hukaa begani, na wote hungoja neno moja. Susu ndiye alikuwa akilitamka neno hilo, amesimama na kibuyu cha maji mkononi, na ng'ombe akishasimama hakuna aliyemwachia haraka. Walimshikilia mpaka miguu iache kutetemeka. Vijana wale walifanya vivyo hivyo. Mmoja nyuma kwenye chuma cha kufungia mizigo, mmoja chini ya kiti, mimi nikaambiwa nigeuze mgongo, niegemee kiti, nisukume kwa miguu. Pikipiki ikasimama kwa mara moja. Na wao pia hawakuiachia upesi.

Walikataa pesa, wakaomba maji. Niliwapa yote, hata yale ya bei mbaya.

Tulipokuwa tunafuta mchanga kwenye mkono wa klachi, uliokuwa umevunjika ncha, akapita jamaa na Boxer ya sisi 150, amebeba gunia mbili za unga na abiria juu yake. Alipita katika mchanga ule ule, miguu imening'inia pembeni, akatusalimia bila kupunguza mwendo.

Mdogo wangu alirudi kunitafuta na tukabadilishana. Zile kilomita za kurudi ziwani kwa Himalayan sikuziogopa. Gurudumu lake la mbele ni la inchi 21, jembamba, linapanda juu ya jiwe badala ya kugongana nalo, na kiti kiko milimita 800, kwa hiyo kila ilipoyumba nilishusha mguu nikaendelea. Rimu ni za spoku na tairi lina tyubu. Fundi yeyote wa boda chini ya mti anaziba pancha hiyo. Ukibeba tyubu moja ya inchi 21 inaweza hata kukusitiri kwenye gurudumu la nyuma mpaka ufike mjini.

Shida ilikuja baada ya Oltepesi. Ule mlima tulioshuka kwa raha, farasi 24 wanaupanda kwa tabu: gia ya tatu, lori mbele, upepo wa Ngong usoni, na kila nilipotaka kulipita lori nilikosa pumzi ya kumalizia. Nikawaza barabara ya Machakos Ijumaa jioni. Kwa njia hiyo, pikipiki isiyoweza kumaliza kupita lori ni hatari kuliko ile inayozama mchangani.

Mwenye pikipiki ya kukodisha alinikata Sh9,000 kwa ncha ile ya klachi. Siku ya pili nikaikuta Kirinyaga Road, mpya, kwa nusu yake. Bado inaniuma.

Chaguo nililobaki nalo ni toleo jipya la Himalayan, la sisi 452: farasi karibu 40, gia sita, kilo 196, inchi 21 mbele. Kiti kiko milimita 825. Nilimwomba muuzaji wa kwanza aniruhusu niilaze chini niiinue peke yangu. Alikataa, akadhani nimechanganyikiwa. Jumamosi iliyopita nikampata mwenye kuuza yake Lang'ata, ana nyasi uani, akakubali.

Tukailaza kwanza kwa upande wa kulia. Nikateremsha stendi mapema, ili ikisimama isinipite ikaangukia upande wa pili. Nikageuza mgongo, nikaegemea kiti, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye chuma cha nyuma. Mara ya kwanza iligoma. Mara ya pili nikatembeza visigino, hatua ndogo ndogo, ikasimama. Nilibaki nimeishikilia kidogo. Kisha nikaomba tuilaze na upande wa kushoto, na huo nao ulipokubali, ndipo tukaanza kuzungumza bei.